Mguu wa Walter Wanyonyi Ulipogoma

Niseme mapema kwamba mume wangu hakuwa mtu wa kununa. Wako watu hapa Kaloleni, Kisumu, ambao mpaka leo ukiwatajia Walter Wanyonyi wanavuta midomo chini, wakidhani wanamwigiza. Hao walimjua wakiwa wamechelewa. Mimi nilimjua mwanzoni, na kwa kuwa nimechoka kusikia habari zake kutoka kwa watu walioingia katikati, nitazisimulia mwenyewe.

Alikuwa kijana wa reli, Mbukusu mrefu kutoka Kimilili, meno nje saa zote. Mimi ni Nabwire, Msamia wa Sio Port, na wakati huo nilikuwa nimekuja Kisian kwa dada yangu kumsaidia kuuza uji karibu na kituo. Genge la reli lilikuwa likitengeneza njia ya kwenda Butere. Siku moja nikawakuta wanaume wameinama na mitaimbo yao, chuma cha reli kimelala mbele yao, na kando amesimama mmoja ambaye hakushika chochote ila kofia yake.

"Yule mvivu ni nani?" nikamwuliza dada.

Kumbe mvivu yule ndiye aliyekuwa na kazi. Alikuwa mwitaji wa genge. Yeye anaimba mstari mmoja, wenzake wanaitikia, na katika kuitikia ndipo mikono yote inavuta kwa pamoja. Asipoita, wanaume wote wale na misuli yao hawawezi kusogeza chuma hata unene wa kidole, maana huyu anavuta sasa, yule anavuta baadaye, mwingine anakuna kichwa. Walter alikuwa akitunga maneno hapo hapo. Aliponiona na sufuria yangu akaniingiza kwenye wimbo, mimi, uji wangu na miguu yangu myembamba, na genge zima likaitikia miguu yangu huku reli ikisogea. Nilimwendea nikamwambia kwamba mama yake hakumfunza adabu. Alicheka mpaka akakaa chini juu ya taruma, yale magogo yanayolala chini ya reli, akafuta machozi kwa kofia. Baada ya mavuno ya pili akanioa.

Hizo ni habari za kabla ya Uhuru. Mtoto wetu wa kwanza alikuwa Jentrix. Wakaja wengine, lakini hadithi hii ni ya Jentrix na baba yake. Bwana yule alikuwa amewahi kuona harusi moja ya karani wa reli, ambapo baba alimshika binti yake mkono, akatembea naye kutoka mlangoni mwa kanisa mpaka mbele kwa pasta, watu wote wamesimama. Kwao Kimilili hakuna kitu kama hicho. Huko msichana anasindikizwa na shangazi zake, na baba anakaa mahali akisubiri kuletewa habari. Lakini Walter aliipenda sana ile picha. Tulipopata nyumba ya manispaa hapa Kaloleni, alikuwa akitoka kazini anamshika Jentrix mkono, mtoto mwenyewe hajafika kiunoni mwake, wanatembea kati ya kamba za nguo zangu mpaka kwenye bomba la maji na kurudi.

"Tunafanya nini, Baba?"

"Tunafanya mazoezi."

Majirani walizoea. Mimi nilikuwa nikipiga kelele kwa sababu ya nguo zangu, kwa kuwa mikono ya mtu wa reli si mikono ya kupita karibu na shuka nyeupe.

Miaka ikaenda, na mnamo mwaka wa sabini Walter akapewa unyapara wa genge. Hapo ndipo shida ilipoanza, na ilianzia usoni. Sijui niielezeje. Uso wake ulinyamaza. Mambo yaliyomfanya acheke mpaka akae chini, sasa ukimwambia anakutazama tu, macho hayapepesi, mdomo haufanyi kitu. Rafiki yake Ochieng, mtu wa Kisumu hapa hapa na mwenzake wa tangu Kisian, alinijia sokoni Kibuye ninapouza nyanya na omena, wale samaki wadogo wa ziwani.

"Mama Jentrix, hii mzee yako iko na maringo siku hizi," akasema. "Asubuhi namwambia, omera, ndugu yangu, habari ya nyumbani? Ananiangalia kama mimi nimeiba. Unyapara imeingia yeye kichwa, adiera, kweli kabisa."

Kanisani wakasema vivyo hivyo. Mimi nilikuwa na shida kubwa kuliko wao, kwani wao walikutana na uso ule barabarani, mimi nilikuwa nao mezani. Jioni moja nilimsimulia habari ya mteja aliyekaa kwenye beseni langu la nyanya akidhani ni kiti. Hadithi hiyo nilikuwa nimeibeba tangu sokoni kama mtu anayebeba mayai. Nikamaliza. Akanitazama bila kupepesa.

"Umenikasirikia?" nikamwuliza.

"Sijakasirika," akasema, kwa sauti ya chini isiyopanda wala kushuka, na uso wa hakimu.

Sasa wewe niambie, mwanamke atamwamini vipi mtu anayesema hajakasirika na uso wa namna hiyo? Nilimnyima chai siku hiyo. Aliketi pale akakitazama kikombe kitupu, na roho iliniuma, lakini sikumpa.

Baadaye mguu nao ukagoma. Mlangoni, hasa. Walter anatembea vizuri, anafika kizingitini, na mguu unanata kwenye sakafu. Juu mwili unataka kwenda, chini mguu umekataa. Anatetemeka magoti, anashika mwimo wa mlango, watu wamejaa nyuma yake. Kanisani akauziba mlango mpaka wimbo wa kufungulia ukaisha na waumini wako nje. Wazee wa kanisa wakaanza kusema ni ulevi wa busaa. Mume wangu hakuwa ameonja busaa tangu ubatizo wake, lakini utamwambia nani, naye anayumba mchana kweupe?

Cha kushangaza zaidi ni alichoniambia Ochieng.

"Lakini kwa reli anatembea kama kijana! Anaruka mataruma, moja, ingine, ingine, mimi namfuata natoka jasho. Tukifika ofisi, kwa mlango, anasimama kama nguzo. Watu wanasema anajifanya ndio apate likizo."

Nilimwuliza Walter mwenyewe. "Kule mguu unajua pa kukanyaga," akasema. "Hapa haujui." Nikaona ananifumbia, nikakasirika tena.

Mambo yakiwa hivyo, Jentrix akapata mchumba. Yeye Jentrix alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huku mjini, na kijana alikuwa Bildad, mtoto wa Kangethe anayeuza vipuri vya baiskeli karibu na stendi. Kijana mpole, Mkikuyu aliyezaliwa Kisumu, anaongea Kijaluo kuliko mimi. Wazazi wake wakaja kutuona. Nikapika kuku, nikapika na samaki, nyumba ikajaa heshima. Mama yake Bildad, Wamaitha, akakaa akimtazama Walter. Walter akamtazama yeye, bila kupepesa. Kangethe akasema maneno mazuri ya utangulizi. Walter akajibu na uso ule ule, "Nimefurahi sana."

Wamaitha akaweka kijiko chini.

"Baba Jentrix," akasema, "kama hututaki, si useme tu? Sisi ni watu wazima."

"Mimi nimefurahi sana," akasema Walter mara ya pili, na ikawa mbaya zaidi.

Jentrix ndiye aliyeokoa siku. Alipiga magoti mbele ya yule mama akamwambia kwamba baba yake ni mgonjwa, hatujui wa nini, lakini uso ule si wa moyo wake. Ilikuwa mara ya kwanza neno mgonjwa kusemwa nyumbani mwetu. Wamaitha alimtazama Walter upya, akachukua kijiko chake, akaongeza kuku. Nilimpenda yule mama kuanzia hapo.

Harusi ikapangiwa Agosti, shule zikifungwa. Na sasa swali likawa moja tu: nani atatembea na Jentrix? Masinde, mdogo wake Walter, mwenye kinu cha kusaga mahindi kule Kimilili, alikuja kutusalimu akiwa tayari na jibu.

"Mulamwa, usijali," akaniambia, maana ndivyo Wabukusu wanavyomwita shemeji. "Mimi ni baba yake mdogo. Nitatembeza huyu mtoto. Hata suti nimeshonesha."

Walter alikuwa ameketi pale pale. Uso wake, kama kawaida, haukuonyesha kitu. Lakini nililala naye kitanda kimoja miaka yote ile, nilijua mgongo wake. Mgongo wa Walter ulikuwa umeumia.

Masinde hakuwa mbaya, nisimwonee. Alimpenda kaka yake, ila mapenzi yake yalikuwa na kelele kama kinu chake. Alipoona Walter ananata mlangoni, akaamua kuna kitu kimezikwa chini ya kizingiti. Akaleta mganga kutoka huko nyuma ya mtaa wa Manyatta, mtu mfupi mwenye koti la mvua, na kabla sijarudi kutoka sokoni walikuwa wameshavunja saruji ya manispaa na kuchimba. Mganga alikuwa akisema, "Naiona, naiona, iko karibu," na jembe likagonga kitu. Walikishangilia. Kilikuwa ni bomba la maji. Nilipofika nikakuta maji yanaruka mpaka dirishani, mganga amejifunika koti, Masinde ameketi juu ya bomba kwa makalio yake akijaribu kuziba, na majirani wote wa Kaloleni wanachota kwa ndoo.

Nilisema maneno ambayo sitayarudia hapa. Lakini maji yalipofungwa, likabaki shimo jembamba mlangoni, mtaro wa kuvuka mlango mzima. Na Walter, aliyekuwa ametoka nje kuangalia, akauendea mlango. Akaufikia mtaro. Akainua mguu, akauvuka, akaingia ndani kama mtu anayeingia kwake.

Mganga akapiga vigelegele. Masinde akalia machozi, suruali yake ikidondoka maji. Wiki nzima Walter aliingia na kutoka bila kunata, mganga akapata jina Kisumu nzima. Kisha wakaja mafundi wa manispaa, wakarekebisha bomba, wakafukia shimo, wakapiga saruji nyororo kabisa inayong'aa. Jioni hiyo Walter akafika mlangoni, na mguu ukagoma.

Masinde akasema uchawi umerudi. Mimi niliketi kwenye ngazi ya jirani nikautazama ule mlango. Kama kitu kilikuwa kimezikwa, kimekwisha kutolewa, au hakikuwepo. Kilichokuwepo na sasa hakipo ni mtaro tu. Na kule kwenye reli kuna nini? Kuna mataruma, yamelala mbele ya mguu moja baada ya jingine. Niliingia jikoni nikachukua kipande cha makaa, nikachora mstari mweusi juu ya saruji mpya, hapo mlangoni, kutoka upande huu hadi upande ule.

"Baba Jentrix, vuka huo."

Akavuka.

Nilichora mwingine. Akavuka. Nikawa natambaa nyuma nyuma kwa magoti nikichora, yeye ananifuata, tukavuka sebule, tukaingia chumbani, mpaka nikagonga kitanda kwa kichwa. Nilicheka hadi nikashindwa kuinuka. Yeye alisimama juu yangu na uso wake wa hakimu, na mabega yake yalikuwa yanatikisika. Mabega! Alikuwa akicheka. Alikuwa akicheka siku zote, na mimi nilikuwa nimemnyima chai.

Jentrix alileta chaki za shule, zile zisizofutika haraka, na nyumba yetu ikawa milia milia kama punda wa porini. Lakini hakuridhika. "Mama, hii ni kitu daktari anafaa kuona," akasema, akatupeleka hospitali, na hapo tukampata Daktari Kageha, binti wa Kimaragoli aliyerudi kutoka masomoni, mdogo hata kuliko Jentrix kwa sura. Alimshika Walter mkono akaukunja na kuukunjua, akamwambia agonganishe vidole, akamwambia atembee. Nikamweleza habari ya mtaro na makaa, nikitegemea atanicheka. Badala yake akavuta kiti karibu.

"Mama, hiyo ni kweli kabisa. Madaktari wa ng'ambo nao wameona hivyo hivyo, nimesoma," akasema. "Mzee, unafanya kazi gani?"

"Reli. Zamani nilikuwa mwitaji wa genge."

Daktari akasema jambo ambalo nimelisimulia mara nyingi hata naliweza kama wimbo. "Ndani kabisa ya ubongo, chini, kuna sehemu iko na milia milia, inaitwa striatamu. Iko na kazi nyingi. Moja ni kusukuma mambo yale unafanya bila kufikiria. Kutembea. Kupepesa macho. Kucheka mtu akikuchekesha. Hiyo sehemu ndiyo mwitaji wako, Mzee. Miguu iko na nguvu, misuli iko sawa, genge lote liko tayari limeshika mitaimbo. Lakini kuna dawa fulani ubongo hujitengenezea, inayompa huyo mwitaji sauti, na kwako imepungua. Anafungua mdomo, sauti haitoki. Sasa genge limesimama tu."

Walter hakumwondolea macho. "Na mstari?"

"Ukiona mstari, macho ndiyo yanaita. Yanapitia njia ingine, hayamngoji yule amekauka sauti."

"Na uso wake?" nikauliza mimi.

"Uso pia, Mama. Ndani anacheka vizuri kabisa. Ni vile uso haujaitwa."

Nililia pale hospitalini bila aibu, na nilikuwa na furaha. Walter alinipa kofia yake nifutie machozi. Daktari akatuambia ukweli kwamba ugonjwa huo hauondoki, ila kuna vidonge vipya, ataviagiza Nairobi, vinavyoleta ile dawa ya ubongo kutoka nje. Vilipokuja vilimfungua kwa kiasi. Asubuhi alikuwa mgumu, mchana akawa mwepesi, na mara nyingine sura yake ikapasuka kwa tabasamu kidogo upande mmoja wa mdomo, tukaitana nyumba nzima kuja kutazama. Lakini milango na mahali pa watu wengi viliendelea kumshinda.

Na harusi ilikuwa ni mlango mmoja na watu wengi.

"Nitatembea naye," Walter alimwambia Masinde alipokuja tena.

"Kaka, ukisimama katikati?"

"Nitatembea naye."

Nikaenda kwa pasta kuomba tuchore chaki. Alishtuka. Kanisa lilikuwa limepakwa rangi nyekundu ya sakafu siku hizo hizo, linang'aa unaweza kujiona ndani yake, na akina mama wa usafi walikuwa wanaingia bila viatu. Chaki hapana. Nilitoka nikiwa na hasira ya kumeza mtu, nikakutana na Wamaitha sokoni, nikammwagia yote. Akasikiliza, akitazama kiuno changu.

"Mama Jentrix, na hiyo leso yako si ina mistari?"

Nikaiangalia. Leso, yaani kanga ya kujifunga, ina pindo kuzunguka pande zote, ukanda mweusi au mwekundu, mnene, unaoonekana kutoka mbali. Na tangu lini bibi harusi akanyage sakafu tupu wakati wanawake wana leso? Siku zote huwa tunazitandika kwa urefu, apite juu yake kwa heshima. Tungezitandika tu kwa upana, moja ikilalia nyingine, pindo likatize njia mahali pa kila hatua. Nani angekataa? Ni mila. Tukashikana mikono pale kati ya omena na nyanya tukacheka kama wasichana. Nikazunguka Kaloleni yote nikiazima leso, na Wamaitha akazunguka kwa wanawake wa madukani, na Walter akafanya mazoezi uani juu ya leso za majirani mpaka kila mtu akajua.

Siku yenyewe ikafika. Walter alimeza vidonge vyake saa aliyopangiwa na daktari, akavaa koti. Masinde naye alikuja na suti yake, ya kijivu, nzuri kweli, akasema amevaa tu kwa sababu ameshaishonesha. Wanawake walitandika leso tangu mlangoni, wakiimba, mimi nikiwasimamia kama nyapara. Tulipofika kwenye benchi la mbele, pasta akashuka. Alikuwa anasoma maneno yaliyoandikwa kwenye leso. Mnajua leso zetu, kila moja ina maneno yake, na nyingine zinasema mambo ya mke mwenza na ya chumbani.

"Hii, hapana," akasema, masikio yamemwiva. "Huku kote sawa. Lakini mbele ya madhabahu, Mama, hii, hapana."

Nikabishana. Nikamwambia asisome. Tayari nje wanapiga vigelegele, gari limefika. Kwa hiyo leso ziliishia benchi la mbele, na kutoka hapo hadi kwa pasta ilibaki sakafu nyekundu, tupu, laini.

Wakatokea mlangoni. Jentrix alikuwa mzuri sana, ni mtoto wangu lakini nasema kweli. Walter akatazama chini, akaona pindo la kwanza, akainua mguu. Akaingia. Akavuka pindo la pili, na la tatu, mwendo wa mtu wa reli mwenyewe. Ochieng akasahau mahali alipo akapiga kelele, "Omera, twende!" Nikasema moyoni, Mungu, umeniona. Kisha wakafika mwisho wa leso.

Mguu ukanata. Niliona magoti yakianza kutetemeka. Wimbo ukaendelea, ukaisha, ukaanza upya. Akajaribu, mwili ukaenda mbele, mguu ukabaki, akataka kuanguka na Jentrix akamshika. Watu wakaanza kunong'ona. Masinde akainuka kutoka kiti chake, akafunga kifungo cha koti, uso umejaa huruma, akaanza kutoka kwenye benchi.

Jentrix akamtazama baba mdogo wake, akatikisa kichwa. Akashika gauni lake kwa mkono mmoja, akalivuta juu hadi watu wakaona soksi, akatoa mguu wake wa kushoto na kiatu cheupe, akauweka mlazo, mbele kabisa ya kiatu cha baba yake.

"Vuka, Baba," akasema.

Akavuka. Akatoa mguu tena, akauweka. Akavuka. Walikwenda hivyo, bibi harusi amekunja gauni kama mtu anayevuka mto, anarusha mguu, anangoja, anarusha mguu. Mtu akaanza kucheka nyuma, na si kicheko kibaya, kikaenea, halafu watu wakaanza kupiga makofi kila akivuka, na Wamaitha akasimama juu ya benchi na viatu vyake. Masinde alikuwa amesimama pale pale njiani, analia waziwazi na kupiga makofi kuliko wote. Wakafika.

Pasta akasubiri kelele zitulie. Akauliza ni nani anayemtoa binti huyu aolewe.

"Ni mimi baba yake," akasema Walter, kwa sauti yake ya chini.

Bildad akanyoosha mkono kumpokea. Walter alikuwa amemshika Jentrix juu ya kiwiko, na vidole havikufunguka. Bildad akangoja. Sote tukangoja. Daktari Kageha, tuliyemwalika na aliyekuwa ameketi karibu nami, akaanza kuinuka. Pasta akamwinamia Walter, taratibu kabisa, amejifunza sasa.

"Pole, Mzee. Usione haya. Tunajua ni ugonjwa."

Walter akamtazama na uso ule usiosema kitu.

"Hapana, Pasta," akasema. "Mguu ndiyo ilikuwa ugonjwa. Hii mkono ni mimi mwenyewe."

Tukamngoja.